Mgeni wa Cucu Aliyelala Ghalani

Nilipokuwa mtoto, kwetu hatukuwa na nyoka. Tulikuwa na mgeni. Naanza hivyo kwa makusudi, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana nina mengi ya kusema na sipendi kukatizwa.

Nililelewa na Cucu, yaani nyanya, mama yake mama. Mama alikuwa akifanya kazi Embu mjini na kuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Boma letu lilikuwa nje kidogo ya Siakago, kule ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Tulilima ndengu, kunde na mtama, na tulichovuna tulikiweka kwenye ghala la fito lililoinuliwa juu ya mawe, lenye mlango mdogo wa kuinamia. Ndani ya ghala hilo, juu ya magunia, ndimo alimoishi mgeni.

Alikuwa mwembamba, wa rangi ya kahawia, anang'aa kama aliyepakwa mafuta ya kupikia. Jina lake lile mnalolijua nyote halikutamkwa nyumbani kwetu. Cucu alikatazwa na mama mkwe wake siku alipoolewa, naye akanikataza mimi. Ukimwona, unasema, "Mgeni yupo." Ukitoka kuchota ndengu unasema, "Mgeni, nipishe." Akijivua gamba, na gamba hilo likabaki juu ya gunia kama karatasi ya nailoni, unasema amevua nguo.

Cucu aliamini kwamba mgeni yule ni baba mkwe wake, mzee wa boma, aliyekufa zamani na kurudi kukagua nafaka. Kwa maelezo yake mwenyewe, baba mkwe huyo alikuwa mchoyo ajabu, na hata akiwa hai alipenda kulala karibu na magunia. Kila Jumamosi asubuhi Cucu alimwekea maziwa kidogo kwenye kipande cha kibuyu mlangoni mwa ghala. Mimi nilijificha nyuma ya kuni siku moja nikaona ni nani anayekunywa.

"Cucu, ni paka," nikamwambia.

"Kwani paka hana babu?" akanijibu, akaendelea kufagia.

Basi, kwa upande wa maziwa, sitamtetea. Lakini kuhusu mgeni mwenyewe Cucu hakuwa mjinga, na ninakasirika mpaka leo watu wanapodhani kwamba mtu akiamini jambo moja la kale basi hana macho. Alinifundisha kutazama. "Tazama uso," alikuwa akisema. "Huyu ana mistari miwili hafifu kila upande, mmoja juu ya jicho na mmoja chini yake. Huyo ni wa nyumbani, chakula chake panya, na hana sumu." Kifutu je? Huyo ni mnene, mfupi, amelala njiani kama kitu kilichodondoka, na ukimkaribia anapumua kwa hasira. Swila huinua kichwa na kutanua shingo, na wengine hurusha mate machoni. "Hao hawakaribishwi. Hao unawapisha, unaniita." Na nisiyemjua? "Usiyemjua mpishe mbali zaidi ya hao." Sikuwahi kumshika mgeni, wala Cucu hakumshika. Kuishi na mtu si lazima umpapase.

Tena alinionya jambo moja, na alilirudia mpaka likanichosha. "Mgeni hatangazwi. Ukimtangaza huko nje, atatuletea kesi." Nilidhani ni maneno ya wazee tu, kama kutokata kucha usiku.

Nilikuwa na miaka minane nilipomtangaza.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, Mwalimu Wanja tulivyomwita, alikuwa ameolewa Siakago kutoka Muthara, huko Tigania. Kimeru chake na Kimbeere chetu vilikuwa vikipishana njiani bila kusalimiana vizuri, kwa hiyo alitufundisha kwa Kiswahili. Jumapili ile somo lilikuwa juu ya ukarimu, Abrahamu na wale wageni watatu. Akauliza, "Nani nyumbani kwao kuna mgeni wakati huu?"

Mimi hao, mkono juu. "Kwetu! Mgeni wa Cucu."

"Vizuri, Marigu. Ametoka wapi?"

"Hatujui. Tulimkuta tu. Analala kwa ghala."

"Kwa ghala?" Mwalimu akaacha kutabasamu. "Ni mwanaume ama mwanamke?"

"Cucu anasema ni mzee wa boma. Mchana hatoki, anatoka giza likiingia. Cucu humwekea maziwa."

"Wewe umemwona?"

"Mara nyingi. Wiki iliyopita alivua nguo zake zote akaziacha juu ya gunia la ndengu."

Ngai! Naikumbuka sura ya yule mwanamke kama jana. Kila nilichosema kilikuwa kweli tupu, na kila neno lilimzika Cucu zaidi. Cucu alikuwa mjane wa miaka mingi, mweka hazina wa chama cha akina mama kanisani, mtu ambaye alipelekewa wake za watu awaonye. Mtoto wa Mbeere angenielewa, au angalau nyanya yake angenielewa. Lakini nilikuwa nimelichukua neno la nyumbani nikalivalisha Kiswahili, na kwa Kiswahili mgeni ni mgeni tu, mwenye suruali.

Jumatano mchana wakaja wanne. Walikuwa wamevaa vitambaa vyao vyeupe vyenye ukingo wa buluu, sare ya chama. Lazima niwaeleze kitambaa hicho, la sivyo hamtaelewa. Mwanamke wa chama akifa, wenzake humfunga kitambaa chake kichwani, humbeba wao wenyewe kutoka nyumbani hadi kaburini, na humwimbia njia nzima. Aliyetengwa na chama anabebwa na yeyote aliye na nafasi, kimya. Cucu alikuwa ameimbia wenzake wengi. Alikuwa na sauti nzito ya chini, na nilimsikia zaidi ya mara moja akiwatania shambani, "Siku yangu msije mkaimba kama mmeumwa na meno, nitaamka." Alikipenda kitambaa kile. Alikifua peke yake na hakukianika pamoja na nguo nyingine.

Aliyewaongoza alikuwa Mama Nyaga, mwenyekiti. Yeye na Cucu walipokea vitambaa vyao siku moja, wakiwa wasichana walioolewa juzijuzi. Walikaa, wakapewa uji, hakuna aliyekunywa.

"Ciarunji," Mama Nyaga akaanza, "tumesikia una mgeni."

"Ninaye," Cucu akasema.

Wale watatu wakatazamana. "Humkani?" Mama Nyaga akauliza.

"Nimkane kwa nini? Alinikuta panya wamenimaliza. Tangu aje, nalala usingizi."

Mmoja akajifunika uso kwa leso. Mama Nyaga akaendelea, "Na ni wa umri gani?"

"Huyo? Huyo ni mkubwa kutushinda sisi sote."

"Na kanisa?"

"Kanisa gani tena? Yeye hasumbui mtu. Anakula, anarudi kulala."

"Ciarunji, tunataka tumwone."

Cucu akainuka, akajipangusa mikono, akaenda akafungua kile kimlango, akasema kwa adabu yake yote, "Mgeni, umetembelewa." Wakainama wote wanne kwa pamoja.

Nilicheka. Nasema ukweli, nilicheka mpaka nikakaa chini. Mmoja aliruka ua wa miiba ambao mbuzi wetu walishindwa kuuruka. Mwingine aliacha kiatu. Mama Nyaga peke yake hakukimbia, alirudi nyuma hatua tatu, mkono kifuani, akisema, "Wee! Wee! Wee!"

Nilidhani mambo yameisha. Si wameona hakuna mwanaume? Kumbe nilikuwa mtoto. Mwanaume angetubiwa. Kulikuwa na njia ya kumtubia mwanaume, ilijulikana, watu waliwahi kuipita wakarudi kwenye viti vyao. Lakini nyoka! Nyoka wa Edeni kwa ghala la mweka hazina, anawekewa maziwa! Jioni ile ile maneno yalikuwa yamefika sokoni: Ciarunji anafuga nyoka. Na kwetu, kusema mtu anafuga nyoka si kusema anapenda wanyama. Ni kusema ni mchawi.

Kesho yake Mchungaji akatuma ujumbe. Nyoka auawe mbele ya wazee wa kanisa kabla ya Jumapili, ama Cucu arudishe kitambaa.

Cucu alimjibu mjumbe akiwa mlangoni, bila kupandisha sauti. "Mwambie Mchungaji huyu ninamjua uso. Hajauma mtu. Nikimuua aliyenilindia chakula kwa sababu anafanana na mwingine wa kwenye kitabu, hiyo nitaitubu kwa nani?" Mjumbe akasema hawezi kupeleka maneno marefu hivyo. "Basi peleka hapana," Cucu akasema.

Ijumaa alasiri Mama Nyaga akarudi, safari hii peke yake. Sitaki mumchukie. Nilimchukia mimi kwa niaba yenu kwa miaka mingi na nilikosea. Alikuja kumwokoa rafiki yake. Tulikuwa tumekaa uani, mimi na Cucu, tukipukuchua kunde, naye akavuta kigoda karibu kabisa.

"Nimeongea na wale watatu," alinong'ona. "Tuliona kamba kuukuu juu ya gunia. Macho ya wazee, ndani giza, tukashtuka bure. Hivyo ndivyo tutakavyosema. Kilichobaki ni huyu mtoto. Jumapili asimame mbele ya watu aseme alibuni. Watoto hubuni, Mungu anajua. Mchungaji atamwombea, yaishe. Nyoka wako kaa naye hata miaka mia, mimi sitaki kujua."

Nilisimama kabla Cucu hajasema kitu. Tangu Jumatano sikuwa nimelala vizuri. Nilijua ni mdomo wangu ulioleta kesi, kama nilivyoonywa, na sasa mtu alikuwa ananipa njia ya kuirudisha kesi ilikotoka. Nilikuwa tayari. Ningesimama juu ya benchi wakitaka.

"Nitasema, Cucu," nikamwambia. "Nitasema nilidanganya."

Cucu akanitazama. Mikono yake iliendelea kupukuchua. "Ulidanganya?"

"Hapana."

"Basi utasema nini?"

Nikaanza kulia, kilio kile cha kwikwi. Cucu akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kitambaa kimekunjwa vizuri, akakiweka mapajani mwa Mama Nyaga.

"Huyu mtoto aliulizwa swali kanisani akajibu ukweli wote, hata nguo alizovua mgeni akazitaja," alisema. "Sasa mnataka asimame kanisa hilo hilo adanganye, kisha aombewe. Aombewe nini? Asante, mama. Najua umenijia kwa upendo. Lakini mtoto wangu hatakuwa mwongo ili mimi nifungwe kitambaa."

Mama Nyaga alikuwa analia pia. "Ciarunji, utazikwa kama nani?"

"Kama Ciarunji."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumapili ile jina lake lilisomwa kwamba ametengwa na chama, naye alikuwepo akisikiliza, amevaa kilemba cha kawaida cha maua ya manjano. Hakuhama kanisa. Watu walimtarajia ahame, na wangefurahi, lakini alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, penye waliochelewa, na akaimba. Alikaa hapo miaka kumi na mmoja. Shuleni watoto walinifanyia "ssss" nikipita. Mmoja nilimchapa kiatu cha uso, nikaadhibiwa, na sijutii kile kiatu.

Mgeni mwenyewe alihama baada ya msimu mmoja, na hakuna aliyemwona tena. Cucu alisema amechoka na kelele. Na mwaka uliofuata, panya walipovamia maghala ya Siakago kwa kweli, yule aliyeruka ua wa miiba alikuja kwetu kwa njia ya nyuma, anauliza mtu afanyeje ili apate mgeni. Nilitaka nimcheke usoni. Cucu akanikanyaga mguu, akamwambia, "Mgeni haalikwi, mama. Nyinyi acheni tu kuwaua wanaokuja."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa Cucu alipofariki. Siku moja kabla ya mazishi, mama na mimi tukiwa tunachambua mchele wa wageni, Mama Nyaga akaja na mkongojo wake. Alikuwa amezeeka sana. Mkononi alikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kitambaa kipya, cheupe, ukingo wa buluu.

"Tumekaa tukakubaliana," alisema. "Tutamzika kama dada yetu. Tutambeba, tutaimba. Marigu, si ni wewe utasoma historia ya marehemu kesho? Weka mstari mmoja tu, kwamba lile jambo la nyoka alilitubu kabla ya kwenda. Mmoja tu, mwanangu. Wengine bila huo mstari hawataki kusikia."

Mama akanitazama kwa macho ya kuomba. "Ni mstari mmoja, Marigu," alisema. "Na yeye hayupo wa kuumia."

Nataka mjue nilikitaka kile kitambaa. Msije mkadhani nilikuwa shujaa. Nilitaka aimbiwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilijua sauti zao zote, nani angeanza na nani angeitikia. Nilifikiri pia kwamba mimi ndiye niliyemnyang'anya wimbo huo nikiwa na miaka minane, na sasa nimepewa nafasi ya kumrudishia. Niliendelea kuchambua mchele mpaka mama akadhani nimekubali.

"Hakutubu," nikasema. "Siwezi kuandika alitubu."

"Hata kwa ajili yake?"

"Hata kwa ajili yake, Cucu." Nilimwita hivyo Mama Nyaga kwa mara ya kwanza.

Kesho yake nilisoma mbele ya watu wote kwamba Ciarunji alilea watoto sita na mjukuu mmoja mkaidi, kwamba aliimba sauti ya chini, kwamba aliishi na nyoka asiye na sumu ghalani mwake na hakuona sababu ya kumuua, na kwamba hakuwahi kuomba msamaha kwa hilo. Nilisema neno lile, nyoka, kwa sauti, kwa sababu hatukuwa nyumbani. Mchungaji, ambaye hakuwa yule wa zamani, alitazama viatu vyake. Majirani walibeba jeneza. Akina mama wa chama walisimama kando ya njia, vitambaa kichwani, na hawakuimba. Nilisikia nyayo zetu tu kwenye mchanga, hadi kaburini.

Leo nauza nafaka hapo Siakago, nina stoo yangu na bustani ya sukuma nyuma yake. Stoo ina wa kahawia mwenye mistari usoni. Bustani, karibu na tangi la maji, ina mwembamba wa kijani mwenye jicho kubwa anayekula vyura. Huyo nilimjua baada ya kumtazama kwa mbali muda mrefu, na simlaumu mtu wa Muthara akikimbia, maana milimani kwao kuna wa kijani mwingine ambaye hachezewi. Juzi jirani alikuja na jembe, amekunja mikono ya shati, kunisaidia bila kuombwa. Nilimsimamisha langoni. Akaniuliza kama na mimi nimeanza mambo ya nyanya yangu. Nikamwambia ndiyo, tangu zamani, na akitaka kuua kitu kuna panya wengi kwake.

Sijui kama wazee wa boma hurudi kulala juu ya magunia. Maziwa alikunywa paka, hilo najua. Kwa miaka mingi nilidhani Cucu alitoa kitambaa chake kwa ajili ya nyoka, na nilimwona mkaidi kupita kiasi, hata nilimkasirikia. Sasa nina binti wa umri ule niliokuwa nao mimi. Namtazama akinieleza mambo yake ya shule, anavyosema kila kitu bila kuficha, na ninaelewa kwamba Ijumaa ile nyoka hakuwa hata sehemu ya mazungumzo. Mama Nyaga alikuwa amekwisha kumruhusu aishi. Kilichokuwa kinaombwa ni mimi.

Cucu alizikwa bila wimbo, na bado inaniuma nikipita ile njia. Nimejiuliza mara nyingi kama kesho wangekuja tena na ule mfuko ningewajibu vingine. Singewajibu vingine.